Mkwe Chini ya Blanketi

Kwa watu wa upande wa mke wangu, mwanamume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hali chakula naye, hamshiki mkono, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja hujitoa pembeni na kuangalia majani mpaka mwingine apite. Heshima hiyo tunaiita buko, na mimi niliishika miaka mingi bila taabu yoyote, kwa kuwa yeye alikaa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, nami nilikaa Lubumbashi. Tulionana kwenye vilio vya misiba na kwenye ndoa. Yeye alikuwa akipiga magoti kwa mbali, mimi nikipiga makofi kidogo kidogo, nimeinamisha kichwa, halafu kila mmoja anakwenda zake. Sauti yake siku hizo sikuijua vizuri.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilikuwa mlevi hudhani aibu yangu iko kwenye pombe. Iko huko pia, sikatai. Lakini aibu inayonifanya nisimamishe wembe katikati ya shavu ninaponyoa asubuhi, nikafumba macho mbele ya kioo, ni nyingine.

Nilikuwa deklarani, wakala wa forodha, pale mpakani Kasumbalesa. Kazi yetu ni karatasi na kungoja. Malori hujipanga mpaka huoni mkia wa foleni. Dereva anakungoja wewe, wewe unangoja muhuri, mwenye muhuri anangoja mkubwa wake arudi kutoka kula. Mtu anayengoja hutafuta kitu cha kushika mkononi. Mwanzoni ilikuwa bia ya jioni pamoja na madereva. Baadaye vikawa vipakiti vya wiski, vile vinavyoingia kwenye mfuko wa shati kama kalamu. Mwisho ikawa lutuku, pombe kali ya mahindi na mihogo ambayo akina mama huichemsha nyumbani na kuiuza katika chupa zilizokuwa za maji. Lutuku haikuwa kinywaji cha watu wa ofisi. Nilikuwa nikivaa suruali iliyopigwa pasi, nikiinama kwenye mlango wa mama muuzaji, nikijifanya nimekuja kuuliza njia. Naye alikuwa akinionyesha njia kwa mkono mmoja na kunipa chupa kwa mwingine.

Sijui ni lini niliacha kunywa kwa raha nikaanza kunywa ili niweze kufunga vifungo vya shati. Mikono ilitetemeka kila asubuhi. Binti yangu mkubwa alijifunza kunimiminia chai nusu kikombe, bila kuambiwa na mtu, ili isinimwagikie. Niliona anachofanya. Yeye naye aliona kwamba nimeona. Tulikunywa chai yetu.

Kazini, sahihi yangu ilianza kukataliwa kwa kuwa haikufanana tena na sahihi yangu. Patron, yaani bosi wangu, mtu mpole, aliniita akaniambia nipumzike nyumbani kwanza, atanipigia simu. Niliingoja simu hiyo kwa chupa.

Mke wangu huuza samaki wa Luapula sokoni. Ni mwanamke asiyependa kelele, na kwa muda mrefu alitafuta dawa yangu kimya kimya, kama mtu anayetafuta funguo zilizopotea ndani ya nyumba. Kwanza alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Nililala kwenye mkeka katikati ya watu waliokuja na magonjwa ya heshima, mapafu, ugumba, jicho. Mchungaji akanikandamiza kichwa, nikalia. Nililia kwa moyo wote, mtu asidhani niliigiza. Halafu nilipoambiwa nikanawe uso, nilitokea lango la nyuma na kwenda moja kwa moja kwa mama wa lutuku.

Baada ya hapo alisikia habari za muuza dawa mmoja aliyekuwa akizunguka masoko na kipaza sauti, akitangaza chupa inayoondoa pombe mwilini, inayotibu mgongo na kurudisha nguvu za kiume. Akaninunulia. Niliimeza dawa ile kwa utiifu uliomshangaza. Kabla ya chakula, baada ya chakula, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikikumbusha. Chupa ilipokwisha niliomba nyingine. Ndipo mke wangu alipoinusa. Ilikuwa mizizi iliyolowekwa katika lutuku. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, ameshika ile chupa, na mimi nikacheka pamoja naye. Halafu nikaona kwamba yeye hacheki tena.

Siku chache baadaye, asubuhi, watoto wamekwenda shule, alinijia uani akiwa amevaa kitenge chake cha safari.

"Nimesemesha mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Ule wa Kasomeno. Anajua mizizi ya bantu ba pombe. Banamuleteaka bantu, anabafukiza, banapona."

Nilijua kwamba mama mkwe anatibu watoto wenye degedege na wanawake wasiopata usingizi. Kwamba anatibu walevi, sikuwa nimesikia; labda walinificha.

"Sasa buko?" nilimuuliza. "Nitavuaje shati mbele ya mama mkwe?"

Mke wangu alinitazama kama mtu anayesoma bei isiyoeleweka.

"Buko?" alisema. "Jana ulikojoa mu salon, batoto beko banakuangalia. Buko njo inakuuma leo?"

Sikukumbuka lolote. Nilienda salon, yaani sebuleni, nikaona kiti kimetolewa nje kuanikwa juani, na jirani amesimama kwenye ukuta akikitazama. Nikaingia ndani kuvaa viatu.

Tulipanda pikapu iliyokuwa ikipeleka unga na kurudi na makala, yaani mkaa. Nilikaa juu ya magunia. Ndani ya soksi nilikuwa nimeficha vipakiti, na kila pikapu iliposimama nilishuka nikasema naenda haja ndogo. Mke wangu alikaa mbele na dereva. Hakugeuka hata mara moja. Nadhani alijua.

Mama mkwe alikuwa amenitayarishia kibanda cha nyasi nyuma ya jiko lake. Ndani palikuwa na kitanda cha miti, ndoo, na mkeka uliotundikwa toka juu hadi chini, ukagawa kibanda mara mbili. Yeye angekaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Jirani yake, mjane mmoja mnene mwenye kucheka ovyo, ndiye angenipa vyungu na kuniona. Hivyo ndivyo alivyopanga ili anitibu bila kuvunja heshima.

Jioni ile alichinja kuku wa kulegeza buko. Paja moja lilikuja kwangu na bukari, yaani ugali, na lingine alilila yeye upande wake wa mkeka. Nilimsikia akitafuna. Alipomaliza alisema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha moja kwa moja:

"Papa, tumekula kuku moja. Sasa naweza kukusemesha. Kukuona, bado."

"Aksanti, Mama."

"Mara ya mwisho umekunywa ni siku gani?"

"Wiki imepita," nilijibu.

Harufu ya wiski ilikuwa inatoka kinywani mwangu na kupita katika matundu ya mkeka kama moshi.

"Haya," alisema.

Kesho yake mke wangu alirudi Lubumbashi kwa ajili ya watoto, na dawa ikaanza. Mjane aliweka chungu kinachochemka chini ya kiti changu, kimejaa majani ya mikaratusi, ya ndimu, na mengine ambayo sikuambiwa majina, halafu akanifunika mablanketi mawili. Giza, joto, mvuke unaokata pumzi. Jasho lililotoka lilinuka lutuku tupu, na mjane akacheka akisema angeweza kulikinga na kuliuza. Baada ya mvuke, kikombe cha mizizi michungu. Baada ya kikombe hicho, kingine: lutuku yenyewe, iliyotiwa unga wa mzizi fulani. Niliposikia ile harufu nilifurahi, sitadanganya. Nilikipokea kwa mikono miwili. Haukupita muda nikawa nimeikumbatia ndoo, nikitapika mpaka hakuna kitu cha kutoka isipokuwa sauti.

"Tapika, Papa," alisema nyuma ya mkeka, polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Tapika yote."

Vipakiti vyangu mjane alivikuta alipochukua nguo kufua. Soksi zilirudi zimekunjwa vizuri, tupu.

Basi nikakaa bila pombe kabisa, jambo ambalo mwili wangu ulikuwa umesahau. Homa ilipanda. Niliona siafu wakipanda mkeka, nikawa nawapangusa, nao wanarudi. Niliwaona maofisa wa forodha wamekaa katika nyasi za paa, miguu inaning'inia, wakisoma namba za malori kwa sauti na kunidai karatasi. Niliwajibu kwa Kifaransa. Mjane aliacha kucheka. Mchana mmoja alipokuwa amekwenda sokoni, nilitaka kusimama, na hapo kumbukumbu yangu inakatika.

Kilichofuata ninachokikumbuka ni maji ya vuguvugu. Mkono ulikuwa nyuma ya shingo yangu, umeniinua kichwa. Mkono mwingine ulikuwa na kitambaa na sabuni, na ulikuwa unaniosha. Ulishuka tumboni, ukaniosha mapajani na katikati ya mapaja, bila haraka, kama anavyooshwa mtoto mchanga aliyejichafua. Nami nilikuwa nimejichafua. Harufu ilinifikia kabla sijaelewa lolote. Ule mkeka uliotutenganisha ulikuwa umeng'olewa, umelala chini na kamba zake. Nilifumbua macho nikauona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza, karibu kiasi cha kuona vinyweleo vya kidevuni. Alikuwa na pengo la jino la mbele na kovu dogo juu ya jicho. Alifanana na mke wangu kuliko nilivyotaka.

Nilijaribu kujifunika kwa mikono. Alinipiga kofi dogo juu ya mkono.

"Acha."

"Mama, buko..."

"Buko iko pale inje, itangoja. Nilizala batoto bengi, nilizika bengine. Unafikiri uko na kintu sijaona?"

Nililia, naye akaendelea kuosha. Alipomaliza alinifunga kitenge chake mwenyewe kiunoni, kwa kuwa suruali zangu zote zilikuwa zimelowa, akakaa kwenye visigino vyake na kuvuta pumzi.

"Mutoto," alisema. Si Papa tena. "Umeanguka, umetoa povu, umeuma ulimi. Dawa yangu haiko ya kintu kama hiki. Tunaenda ku santé."

Santé ni kituo cha afya, na kiko upande wa pili wa mji. Aliita kijana wa pikipiki. Waliniweka katikati, dereva mbele yangu, mama mkwe nyuma, amenizungushia mikono kifuani nisidondoke, kichwa changu kimelala begani kwake. Tukapita hivyo katikati ya Kasomeno, mchana kweupe, mkwe na mama mkwe, mimi nimevaa kitenge cha maua. Watu walitoka madukani. Wanawake waliokuwa wakianika mihogo walisimama. Wengine walifanya ustaarabu wa kugeuza nyuso ili wasituone, na hao ndio walionichoma zaidi, kwa kuwa niliona migongo mingi kwa wakati mmoja na nilijua kila mgongo umegeuka kwa sababu yangu.

Muuguzi alinitundikia maji, akanidunga sindano na kunipa vidonge vya kutuliza mwili. Kisha alimweleza mama mkwe, kwa adabu, kwamba mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi hawezi kuachishwa ghafla. Mwili unaweza kuzimika. Angenileta kwanza pale, mizizi baadaye. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikuyua," alisema. "Sasa nayua."

Nilikaa Kasomeno mpaka mvua zikaanza. Vidonge vilipokwisha alinirudisha kwenye majani, mvuke wa asubuhi tu, bila kile kikombe cha kutapisha. Mkeka haukutundikwa tena. Labda aliona hauna kazi. Aliniketisha karibu na wanawake, nikamenya mihogo. Mtetemo ulipokuja aliniwekea kibakuli cha mti chenye karanga mbichi mapajani, nibangue. Hata munkoyo, ule uji mtamu wa mahindi na mizizi ambao watoto hunywa, alinikatalia kwa kuwa ukikaa huchacha. Hakunihubiria. Nami sikuweza kumtazama. Zamani sikumtazama kwa heshima. Sasa nilikuwa naangalia vidole vyangu kwa sababu nilikumbuka kitambaa na sabuni.

Siku moja, tumekaa na karanga, alisema bila kuinua kichwa:

"Baba ya bibi yako naye ilikuwa lutuku."

Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba baba wa mke wangu aliuawa na ini.

"Ini, ndiyo," alisema. "Lutuku inaingilia ku ini. Nilimwambia ingia mu blanketi. Alikataa. Alisema bibi yake hawezi kumuona anatapika. Alijifungia mu nyumba. Tulivunja mulango, alikuwa amesha kufa."

Akachukua kiganja kingine cha karanga. Niliendelea kubangua. Sikujua mkwe anapaswa kusema nini mahali kama pale, na mpaka leo sijui.

Nilirudi Lubumbashi nimekonda, mikono imetulia. Mara moja nilianguka: nilikunywa kwenye kilio cha rafiki, nikatapika hadharani, nikarudi nyumbani nikitembea nimeshika ukuta. Mke wangu alimpigia simu mama yake. Niliisikia sauti ikiuliza swali moja tu: "Amekula?" Kesho yake nilirudi kwenye majani niliyopewa, na tangu hapo sijaonja. Nilipata kazi ndogo ya kuandaa karatasi katika ofisi moja mjini, mbali na mpaka.

Ilipofika hapo mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda kanisani. Nilikubali. Nilijiambia kwamba nimemwaibisha mama mkwe mbele ya Kasomeno nzima, basi nitamheshimisha mbele ya kanisa zima. Nilinyoa, nikavaa koti. Nikashika maikrofoni na nikasema yote. Nilisema kuhusu maofisa waliokaa kwenye paa, na watu wakacheka. Nilieleza habari za blanketi na mvuke, na muuguzi. Na kwa kuwa nilitaka wajue ukubwa wa mwanamke yule, nilisema pia jinsi alivyoniosha. Nilitaja maji ya vuguvugu. Nilitaja kitenge.

Mama mmoja mzee katika mstari wa mbele alivuta mtandio wake akajifunika uso. Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mchungaji akaja haraka, akaichukua maikrofoni mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akasema Bwana asifiwe, na kwaya ikaanza kabla ya zamu yake.

Nyumbani mke wangu alivua viatu vyake, akaviweka mlangoni vizuri, kimoja kando ya kingine.

"Nilitaka kumupa heshima," nilisema.

"Umevula mama nguo mbele ya bantu."

"Mimi ndiye nilikuwa uchi!"

"Weye unakaa huku," alisema. "Yeye anakaa kule."

Wauza samaki hawa hawa wanaomletea mke wangu mzigo ndio waliobeba habari. Kasomeno walikuwa wameona pikipiki, lakini pikipiki ilikuwa ya mgonjwa na walichagua kutoiona. Sasa ilikuwa imesemwa mjini, kwa maikrofoni. Ndugu za marehemu baba mkwe waliitisha kikao. Wengine walisema mwanamke anayeshika uchi wa mkwe wake ana kitu kingine anachokitafuta. Neno la uchawi lilitajwa. Walimtoza mbuzi kwa kuvunja buko. Alimtoa kutoka zizi lake mwenyewe, siku ile ile, kabla mimi sijapata hata habari.

Nilikwenda. Nilisafiri na mbuzi kwenye pikapu, nimemshika kamba, na nilipofika mama mkwe aliingia ndani ya nyumba na kufunga mlango. Nilikaa nje, karibu na ukuta, nikapiga makofi ya salamu.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha."

"Rudisha mbuzi yako," alisema kutoka ndani. "Ile ya kwanza banaisha kuikula."

"Nilisema vibaya."

"Hapana. Ulisema vizuri sana, njo maana bantu bote balisikia." Nilisikia kama anataka kucheka, au labda ni mimi niliyetaka acheke. "Mutoto, mi sikukuosha juu usimulie. Nilikuosha juu ulikuwa muchafu."

Nilibaki pale nimeshika kamba ya mbuzi, naye alibaki ndani, na huenda ningerudi mjini hivyo hivyo kama lisingetokea jambo. Gari liliingia uani. Nyuma ndani ya bodi, juu ya magodoro, palikuwa na mwanamume aliyefungwa kamba mikononi na miguuni, amevaa shati zuri la ofisi, amejikojolea. Ndugu zake wawili walishuka. Walitoka Lubumbashi. Walikuwa kanisani siku ya ushuhuda wangu.

"Tunatafuta mama mwenye kufukiza," walisema.

Mlango haukufunguka. Wale ndugu wakaanza kunitazama mimi. Ndipo sauti ikatoka ndani:

"Mi sitashika tena mwanaume wa bantu. Ule ni wako, mutoto. Santé kwanza. Blanketi nyuma."

Nilimfunga mbuzi ukutani, tukampeleka mgonjwa santé. Muuguzi alinikumbuka, akanipa maelekezo yale yale niliyokuwa nimeyasikia nikiwa nimelala. Baada ya siku kadhaa tulimrudisha kibandani. Wakati wa kumwosha ulipofika, ndugu zake walitoka nje kuvuta sigara, na nikabaki naye peke yangu, mimi, ndoo na kitambaa. Nilimwinua kichwa. Nilipofika mapajani alifumbua macho, akanitambua kwamba mimi ni mtu wa aina yake, mtu wa kalamu na pasi, na akanitemea mate. Hayakufika mbali, yalimwangukia mwenyewe kidevuni. Nikayafuta pia. Macho yake yalikuwa na chuki kamili, ya mtu aliyeonwa, na niliona haya kiasi cha kutaka kumwomba msamaha. Niliyageuza macho yangu kwenye ndoo, nikaendelea.

Alianza kula. Alipoweza kushika kijiko, ndugu zake walimchukua. Hakuniaga. Simwoni mjini, na sijatafuta habari zake. Nikiona mtu anayefanana naye navuka barabara.

Walikuja wengine baada yake. Wakija wanaume, mama mkwe hunipigia simu, nami naomba ruhusa kazini na kwenda. Yeye huchemsha majani jikoni na kuyaleta mpaka nje ya kibanda. Mimi naingiza chungu, nafunika blanketi, naosha. Wapo waliopona na wapo waliorudi kwenye chupa kabla ya pikapu kufika Lubumbashi. Kanisani sijaombwa tena kusema, na mke wangu ananishukuru kwa kutoiomba nafasi hiyo. Ndugu za baba mkwe husalimiana nami kwa kichwa tu.

Mara ya mwisho nilipokuwa kule, nilikuwa nafua nguo za mgonjwa uani, povu mpaka kwenye viwiko, yeye yuko ndani anapepeta unga. Aliniuliza kutoka ndani kama binti yangu mkubwa amepata majibu ya mtihani wake wa taifa.

"Amepita, Mama. Juzi banatangaza."

Ungo ulianguka. Kisha kikatoka ndani ya nyumba ile kigelegele kirefu, cha mwanamke mzee, kilichokatika katikati kwa kukosa pumzi na kuanza upya. Majirani walichungulia kuuliza kuna nini. Sikujua kama mkwe anaruhusiwa kuitikia. Nikasema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba mtoto amepita, na nikazisuuza zile nguo.